Tundege, beseni ya maji na nguo za kazi

Mwaka jana, mwezi wa sita ukiwa karibu kuisha, sisi ma-delege wa sendika tulikutana katika lupango ya mzee mmoja mstaafu, huku Katuba. Ilikuwa siku ya Mungu, saa moja ya asubuhi. Baridi ilikuwa ile yetu ya Lubumbashi, ambayo wageni hawaiamini mpaka iwashike: watu wamevaa makoti, mbabula iko katikati, kila mtu anatafuta nafasi karibu na makala. Tulikuwa na jambo moja tu la kuzungumza, jambo la nguo za kazi, na tulikuwa tumekwisha kulizungumza mara nyingi bila kufika popote. Delege mmoja alikuwa amesimama, anasoma barua tuliyotaka kupeleka kwa wakubwa, wakati mzee aliinua mkono na kusema: "Munyamaze kidogo." Tulifikiri ana neno juu ya barua. Hapana. Alikuwa anaonyesha kwa kidevu chini ya mti wa maembe. Tundege kama ishirini walikuwa wameshuka kunywa katika beseni yake.

Tulinyamaza. Barua ikangoja. Wanaume wazima, wengine wamemaliza miaka ishirini katika vumbi ya shaba, tukakaa tunaangalia vitu vya gramu kumi kumi vikioga katika maji baridi kama barafu.

Tunajua wengine watacheka. Sendika inaandika juu ya mishahara, juu ya ajali, juu ya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Leo inaandika juu ya tundege? Ndiyo. Na tunawaomba, bandugu na bamama, musome mpaka mwisho, juu ile barua ya nguo za kazi itarudi.

Kwanza tuseme ni nani hawa. Katika lugha yetu kila kitu kinachoruka ni ndege, hata ile ya Luano yenye kupeleka watu Kinshasa. Njo maana tunasema tundege. Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wote wa Mazembe, lakini hawa wanaokaa nao katika lupango moja wanawaita wote jina moja, na sisi wakubwa vilevile. Mzee alitufundisha kuwatofautisha. Yeye alijifunza katika kitabu cha Kifaransa alichoachiwa zamani na geologue mmoja aliyemaliza kazi na kurudi kwao.

Wa kwanza ni yule mwenye uso, kifua na mkia wa bluu, mgongo wake rangi ya udongo. Kifaransa kinamwita cordonbleu. Anatembea wawili wawili, dume na jike, na hapendi kukaa mbali na maji. Ana akili moja nzuri: mara nyingi anajenga kiota chake karibu na nyumba ya manyigu. Mtu akija kuharibu, manyigu wanamfukuza. Ulinzi bila kulipa.

Wa pili ni mwekundu, amarante. Dume ni mwekundu kichwa na tumbo, jike ni kahawia, amepakwa wekundu kidogo tu. Huyu haogopi watu. Anaokota chini ya kinu mama akiwa bado ameshika mti wa kutwanga. Kama hamujaona tundege wengine, huyu mulikwisha kumuona, hamukumuangalia tu.

Kuko astrild, mwenye mstari mwekundu unaopita kwenye jicho, kama mtu aliyejipaka kwenda kwenye harusi. Yeye anapenda kuning'inia kwenye majani marefu na kutoa mbegu moja moja. Kuko na yule wa kichwa cheusi na tumbo jeupe, Kifaransa wanasema nonnette. Hao usiku wanaingia wengi katika kiota kimoja, wanajibana, wanalala bega kwa bega mpaka jua litoke. Mzee anasema hao njo watu wa kambi kabisa, familia ya watu nane katika chumba kimoja. Halafu kuko chiriku wa manjano, mwimbaji. Yeye sauti yake njo inamletea shida, tutaona mbele.

Na kuko mmoja tunayepaswa kumtaja juu alituchekesha sana asubuhi ile. Wakati wa mvua munamjua wote: mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili, anarukaruka hewani mbele ya majike. Wanamwita veuve. Mwezi wa saba mkia hauko tena, ile suti nyeusi hana, amevaa kahawia kama shomoro wa sokoni na hakuna anayemtambua. Jike wake hajengi kiota. Anataga yai katika kiota cha astrild, anaenda zake, astrild analisha mtoto asiye wake. Delege wetu mmoja akasema: "Huyu tunamujua. Ni sous-traitance." Mkutano ulichelewa tena dakika tano.

Sasa, kwa nini tunasema wasaidiwe wakati wa baridi? Mvua kwetu inaisha mwezi wa ine. Mwezi wa tano majani yamekomaa, mbegu zimejaa, tundege wanakula vizuri. Shida inaanza na moto. Kuanzia mwezi wa sita pori inachomwa kila upande: mwenye kuwinda panya anachoma, mwenye kutengeneza shamba anachoma, mwenye makala anachoma, na kuko anayechoma tu juu aliona mwenzake anachoma. Munaona wenyewe jua la jioni linavyokuwa jekundu na majivu yanaanguka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mbegu za chini zinaungua pamoja na majani. Vidimbwi vinakauka. Na usiku, kwenye mita zaidi ya 1,200 tunapokaa, kipimo kinaweza kushuka mpaka digrii 7 au 8. Mtu ana blanketi. Kandege ka gramu kumi kana chakula kalichokula jioni tu. Kakilala njaa, hakana cha kukapasha moto mpaka asubuhi.

Tena hawa wanakula mbegu kavu. Anayekula matunda au wadudu anapata maji ndani ya chakula chake. Anayekula mbegu lazima anywe kila siku. Njo maana maji yanawaita kuliko chakula.

Wakikimbia pori wanakuja mjini, na mjini wanakuta nini? Wanakuta usafi wetu. Sisi watu wa Lubumbashi tunapenda lupango iliyofagiliwa mpaka udongo mwekundu unang'aa. Mama anaamka saa kumi na moja, anafagia kila jani, kila mbegu, anakusanya kwenye kona na kuwasha moto. Mwenye pesa kidogo anamwaga beto lupango nzima, anapandisha ukuta, juu ya ukuta anapanda vioo vya chupa. Tunasema hii ni maendeleo. Labda. Lakini katika lupango ya beto hakuna hata mbegu moja, na mvua ikija maji yote yanakimbilia kwa jirani wa chini, ambaye naye anaanza kutukana. Hatusemi mtu asifagie. Tunasema kona moja ibaki.

Mzee alianza na makosa, na alitusimulia bila haya. Beseni yake ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya kuogeshea watoto, ameijaza mpaka juu. Asubuhi ya tatu alikuta nonnette mmoja ameelea. Tundege hawawezi kuogelea, wanataka maji ya kufika magotini tu. Sasa anatumia sahani ya bati na mfuniko wa sufuria ulioharibika, maji vidole viwili, na katikati mawe ya kusimamia. Anabadilisha maji kila asubuhi na kusugua sahani kwa mchanga, juu maji yakikaa yanaweka uteleziutelezi, ndege mgonjwa akinywa anaambukiza wote. Pia maji yakikaa siku nyingi yanazaa mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Bomba ikikauka, anatoa katika bidon ya nyumbani. Ni kikombe kimoja.

Kosa la pili: alimwaga bukari iliyobaki. Haikuja tundege. Walikuja kuku wa jirani, halafu panya, halafu mama mwenyewe alikasirika, na alikuwa na haki. Chakula cha kupikwa hakifai, chenye chumvi ni kibaya zaidi. Punje nzima ya mahindi ni kubwa kwa mdomo wao. Wanachotaka ni mbegu ndogo: malezi, masaka iliyovunjwavunjwa, chenga za mahindi zile zinazobaki kwenye ungo mama akichekecha bunga, chenga za mchele. Mkono mmoja asubuhi jua likitoka, mkono mmoja saa kumi ya jioni mbele hawajaenda kulala. Isizidi, juu inayobaki usiku inaita panya. Na chenga zilizoshika ukungu musiwape kamwe. Ukungu ule unaua ini la ndege kama unavyoharibu la mtu, kwa hiyo hata ninyi musiule.

Kosa la tatu lilikuwa mahali. Aliweka sahani katikati ya uwanja, safi kabisa, ili aone vizuri kutoka kwenye kiti chake. Majuma mawili hakuna aliyeshuka. Kandege hakashuki mahali ambapo hakana pa kukimbilia, juu mwewe mdogo anapita kila asubuhi. Wakati alipohamisha sahani karibu na ua la miiba, hatua mbili au tatu hivi, wakaja siku ya pili. Lakini isiwe chini ya miiba kabisa, maana pale paka anajificha. Hatua mbili, tatu: njo kipimo.

Halafu ile kona. Mita moja kwa mbili, nyuma ya choo au kandokando ya ukuta, mbali na mlango. Munaacha majani yakue na mvua, yakomae, yakauke yakiwa yamesimama. Hamuyakati mpaka mwezi wa kumi. Ukipanda na mistari miwili ya malezi ndani yake, sherehe. Hapo mutaona astrild akining'inia kichwa chini, na watoto hawatataka kwenda shuleni.

Nyoka? Swali hilo bamama waliliuliza kwanza, na ni swali la haki. Nyoka anafuata panya, panya anafuata chakula na takataka. Kona ndogo ya majani, isiyorundikwa matofali na mabati ya zamani, ni hatari ndogo kuliko lile rundo la vyuma ambalo kila mmoja wetu analo nyuma ya nyumba akisema siku moja atauza. Iwe mbali na nyumba, mtoto asicheze ndani yake. Anayeogopa bado, aweke maji tu. Maji peke yake yanatosha kuwaita.

Swali la pili ni zito zaidi. Bibi ya mmoja wetu alisema: "Sisi wenyewe tunanunua bunga kwa meka, munataka tulishe tundege?" Hatukumjibu kwa hotuba. Kuko nyumba mwezi huu ambapo mshahara haujafika, na katika nyumba hiyo kila chenga inaingia kwenye sufuria, na hakuna mtu wa sendika atakayekwenda kumfundisha mama yule kutupa chakula. Tunasema na wale wengine, ambao wanamwaga chenga kwenye moto pamoja na takataka. Na tunarudia: maji.

Kuhusu watoto na ulimbo, tutasema kidogo na kwa ukali. Wanaupaka kwenye kijiti karibu na maji, chiriku anashika, wanamfungia katika kizimba cha waya na kumuuza. Wengi wanakufa mbele ya juma kuisha. Sisi pia tulifanya hivyo tukiwa watoto, tusijifanye watakatifu. Tulitumia manati na tuliwachoma tukawala, nyama ya kidole kimoja. Lakini kuweka maji na chakula halafu kuweka ulimbo pale pale, huo ni mtego, na mtoto anayejifunza kuita ili ashike, tunajua atakuwa bosi wa namna gani.

Sasa turudi kwa ile barua.

Mzee anakaa na binti yake, ambaye bwana yake anafanya kazi katika kampuni moja ya mgodi, jina tunaliacha. Kila juma bwana anarudi na salopeti mbili zilizojaa vumbi. Pale kazini hakuna mahali pa kuzifua, na mahali pa kuogea kuko mabomba mawili kwa watu wengi, kwa hiyo gari la wafanyakazi linaondoka na watu wakiwa na vumbi kwenye nyusi. Nyumbani binti wa mzee anakung'uta salopeti kwenye ua, anaziloweka, anazifua, na maji ya kwanza, yale meusi, anayamwaga chini ya mti wa maembe. Amefanya hivyo miaka yote. Sisi wote bake zetu wanafanya hivyo.

Mzee alipoona maji ya salopeti yanatiririka kuelekea sahani ya tundege, alipiga kelele: "Usimwage pale! Utaniulia tundege!" Binti alisimama na beseni mkononi. Kisha akasema, sisi tukiwa tunasikia, juu mkutano ulikuwa umeanza tena: "Baba, unaogopa paka tundege? Na huyu mutoto anakaa wapi?" Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekaa chini ya mti ule ule, juu ya udongo ule ule, anatia vidole mdomoni.

Hakuna aliyecheka safari hii. Aliyekuwa anasoma barua alikaa chini.

Bandugu, tulikuwa tumeandika jambo la nguo za kazi kama jambo la pesa: sabuni ni bei gani, salopeti inaisha baada ya miezi mingapi. Tulikuwa tumekosea mlango. Mwaka 2009 waganga wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi waliyofanya hapa kwetu katika kusini ya Katanga. Walipima mkojo wa watu 351. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na metali nyingi mwilini kuliko wa mbali, na kobalti iliyopatikana ilikuwa kati ya vipimo vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, wasio wa kiwandani. Watoto njo walizidi. Hawa hawafanyi kazi mgodini. Vumbi inawafuata nyumbani: kwa upepo, kwa maji, kwa chakula, kwa udongo wa kwenye mikono. Na sisi baba zao tunaiongeza kwa miguu yetu na kwa salopeti zetu, halafu tunawapa bamama waikung'ute.

Kuko mahali ambapo udongo wenyewe unasema. Nendeni Penga-Penga, upande ambapo kwa miaka makumi upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unapeleka moshi wa ile cheminée kubwa. Kuko udongo pale ambao majani yanaukataa mpaka leo. Wataalamu wa chuo kikuu chetu wamejaribu kupanda aina za majani zinazovumilia shaba ili udongo usipeperuke. Pasipo majani hakuna mbegu, pasipo mbegu hakuna astrild. Ukitaka kujua lupango yako ikoje, angalia kama majani yanaota yenyewe na kama kuna kitu kinakuja kuyala.

Watu wa migodi ya makaa ya mawe huko Uingereza walijua kutumia ndege kwa kazi hiyo. Tangu mwanzo wa karne iliyopita walishuka na chiriku katika kizimba kidogo. Mwili wake ni mdogo, anapumua haraka, gesi ya sumu isiyo na harufu inamlevya mbele ya mtu. Chiriku akianguka, watu wanatoka. Waliacha kutumia ndege mwaka 1986 tu, mashine zilipochukua nafasi yao. Sisi hatutaki kutumia tundege twa mzee hivyo, na vumbi yetu haiangushi mtu kwa dakika mbili kama ile gesi. Inakwenda pole pole, na hakuna anayeanguka mbele ya macho ya bosi. Njo ubaya wake.

Kwa hiyo barua tuliiandika upya siku ile ile, juu ya meza ya mzee. Tuliondoa bei ya sabuni. Tunaomba vitu vitatu tu. Mahali pa kuoga penye maji ya kutosha kwa zamu nzima, mbele ya watu kupanda gari. Makabati mawili kwa kila mtu, moja la nguo za kazi na moja la nguo za nyumbani, zisigusane. Na salopeti zifuliwe kule kule, kwa gharama ya mwajiri, isitoke hata moja kupita mlango. Mkataba nambari 176 wa OIT, wa mwaka 1995, juu ya usalama na afya katika migodi, unataja mahali pa kunawa, pa kubadilisha nguo na pa kula. Kufua nguo hakukuandikwa pale, wakubwa watatuambia. Sisi tunasema, mtu akibadilisha nguo halafu akaibeba ile chafu katika mfuko mpaka kwa mtoto wake, amebadilisha nini?

Wakubwa walitupokea mwezi wa nane. Walitupa fanta. Makabati yamekubaliwa, na yamefika nusu. Mabomba ya kuogea yameongezwa mawili. Juu ya kufua walisema watasoma swali. Tunangoja, na kila mwezi tunawauliza wamefika ukurasa gani.

Katika kungoja, bamama, tufanye hivi. Salopeti isikung'utwe, inakunjwa pole pole na kuwekwa ndani ya maji moja kwa moja, vumbi isiruke. Beseni yake iwe ya kwake, isifue kitu kingine, wala kuosha mboga. Maji ya kwanza yasimwagwe mahali watoto wanakaa, wala kwenye mboga, wala karibu na kisima. Na bwana anayerudi asibebe mtoto mbele ya kunawa na kubadilisha nguo, hata mtoto akilia mlangoni. Hilo la mwisho njo gumu, tunalijua.

Binti wa mzee alichagua mahali pengine pa kufulia, nyuma kabisa, mbali na mti wa maembe. Udongo wa juu chini ya mti waliuchimba, wakauondoa kwa toroli na kuweka mwingine waliouleta kutoka mbali. Mtoto ana mkeka wake. Mwaka huu baridi imeanza tena na sahani ya bati iko mahali pake, hatua tatu kutoka kwenye miiba. Cordonbleu walirudi juma la kwanza la mwezi wa sita, wawili. Nonnette mpaka leo tumehesabu kumi na wanne. Mzee anasema tusisahau kuendelea hata mvua za kwanza zikianguka, juu mvua ikigusa mbegu za chini zinaota zote kwa mara moja, na kwa majuma machache njaa inakuwa kubwa kuliko ya mwezi wa saba, mpaka majani mapya yazae.

Mkutano wetu unaokuja utakuwa pale pale kwake, siku ya Mungu ya pili ya mwezi, saa moja ya asubuhi. Kila delege alete makala kidogo kwa mbabula, na asivae salopeti.